Kinyota Kimoja Kwenye 2002

Habari za asubuhi. Mlioko nyuma sogeeni, viti vya mbele vipo. Umeme ukikatika nitaendelea kwa chaki, maana nusu ya ninayotaka kusema leo haihitaji projekta.

Nimeitwa kuzungumzia namna ya kujifunza ggplot2, ile programu ya kuchora takwimu ndani ya R, lugha ya kompyuta ya kuchakata takwimu, kwa kutumia kitabu chake cha rejea. Naona wengi wenu mmeshafungua toleo jipya, la tatu, kwenye simu, kwa kuwa linasomeka bure mtandaoni. Vizuri. Lakini kabla ya kitabu naomba nianze na aibu yangu, kwa sababu ndiyo iliyonirudisha kitabuni.

Matokeo ya sensa ya 2022 yalipotangazwa, Tanzania tulikuwa watu 61,741,120. Nikatakiwa nichore mstari mmoja tu wa kupeleka kikaoni: idadi ya watu tangu sensa ya 1967. Namba zenyewe sita. Mtoto wa darasa la saba angezichora kwenye karatasi ya grafu kabla chai haijapoa. 1967, milioni 12.3. 1978, milioni 17.5. 1988, 23.1. 2002, 34.4. 2012, 44.9. 2022, 61.7. Nikaziandika kwenye Excel, na pale kwenye 2002 nikatia kinyota, 2002*, ili nikumbuke kuandika maelezo chini ya ukurasa. Kinyota kimoja.

Nikaingiza faili kwenye R. Nikaomba nukta, nukta zikaja. Nikaongeza geom_line, amri ya mstari, ili nukta ziunganishwe. Mstari haukuja. Badala yake ukaja ujumbe, ukisema kwa adabu kwamba kila kundi lina kipimo kimoja tu, je, huenda nahitaji kurekebisha makundi?

Nikafanya nini? Msinitazame hivyo, nilifanya mnachofanya nyote. Nikanakili ujumbe, nikaubandika mtandaoni, na jibu la kwanza likaniambia niongeze group = 1, yaani nukta zote zihesabiwe kundi moja. Nikaongeza. Mstari ukaja, umenyooka, unapendeza. Hata kile kinyota kilikuwa kimetokea kwenye mhimili, 2002*, nikaona afadhali, kazi ya maelezo imerahisishwa. Nikachapisha, nikaenda kikaoni.

Kikaoni kulikuwa na mzee mmoja wa mipango, wa zamani, wale waliochora grafu kwa kalamu ya wino. Akavua miwani, akaiinamia karatasi, akaweka kidole. "Kijana, hapa kati ya 2002 na 2012, watu walipunguza kuzaa?" Nikaangalia. Kweli, mstari ulipanda kwa nguvu kutoka 1988 hadi 2002, kisha baada ya hapo ukalegea kidogo, kama daladala inayokaribia tuta. Nikaanza kutunga maelezo ya kitaalamu. Elimu ya wasichana, uzazi wa mpango, maneno yakawa yanakuja yenyewe. Mzee akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na mbona miaka kumi na minne hapa ni mipana sawasawa na miaka kumi?"

Basi hapo nilikaa.

Tuitazame kwa karibu, maana somo zima limo humu. Kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14, na watu waliongezeka milioni 11 na ushee. Kati ya 2002 na 2012 kuna miaka 10, wakaongezeka milioni 10 na nusu hivi. Ukigawa, ni takriban laki nane kwa mwaka kwanza, halafu zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Ongezeko la kila mwaka lilikuwa limekua. Grafu yangu ilisema kinyume, kwa sababu sensa zote sita zilikuwa zimepangwa kwa nafasi sawa, kama nguo kwenye kamba.

Kwa nini? Kwa sababu ya kinyota. R ilipokuta 2002* ikaona hiyo si namba, na safu haiwezi kuwa nusu namba nusu maneno, kwa hiyo safu nzima ya miaka ikawa maneno. Na maneno hayana umbali. Ukiwa na Asha, Juma na Neema kwenye mhimili, nani ajuaye Asha yuko mbali kiasi gani na Juma? Programu inawapa nafasi sawa, basi. Tena kwa kuwa kila mwaka sasa ni jina, kila mwaka ukawa kundi lake peke yake, na kundi la nukta moja huwezi kulichorea mstari. Ule ujumbe niliouona ni usumbufu ulikuwa unaniuliza: bwana, mbona miaka yako ni majina? Mimi nikaujibu kwa kuuziba mdomo.

Jioni ile nilifungua kitabu. Na sikufungua ukurasa wa picha, nilifungua sura ya maumbo ya pamoja, yale ambayo umbo moja linabeba data nyingi, kama mstari. Kuna mfano wa wavulana 26 wa Oxford waliopimwa urefu mara 9. Ukichora mstari bila kuiambia programu ni mvulana yupi na yupi, unapata meno ya msumeno. Ukitaja kundi, kila mvulana anapata mstari wake. Baada ya kurasa chache nikaelewa group ni kitu gani, kwamba group = 1 ina mahali pake halali, na kwa nini mahali pale hapakuwa kwangu. Dakika arobaini hivi. Nilikuwa nimetumia ggplot2 kwa miaka bila dakika hizo arobaini.

Sasa hiki kitabu kimejengwaje? Mwaka 1999 Leland Wilkinson alitoa kitabu chenye wazo moja zito: michoro ya takwimu ina sarufi. Hadley Wickham, wa New Zealand, akalichukua wazo hilo akalitia ndani ya R. Ggplot2 ikatoka 2007, kitabu chake 2009, toleo la pili 2016. Zile herufi gg mwanzoni mwa jina ni hiyo hiyo sarufi ya michoro, kwa Kiingereza grammar of graphics.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili, neno sarufi lisitutishe. Sema "mtoto mdogo ameanguka." Sasa ondoa mtoto, weka kitabu. "Kitabu kidogo kimeanguka." Hakuna aliyekutuma ukarekebishe kila kiambishi kwa mkono, umebadilisha nomino, ngeli ikabadilika, upatanisho ukafuata wenyewe hadi mwisho wa sentensi. ggplot2 ni hivyo hivyo. Unataja data, unasema safu ipi iende mhimili mlalo, ipi wima, ipi iwe rangi, na skeli (vile vipimo vya mhimili na rangi), ufunguo wa pembeni na makundi vyote vinapatana na aina ya safu uliyoleta. Miaka yangu ilihamishwa ngeli na kinyota kimoja, na sentensi nzima ikapatana na ngeli mpya. Programu haikukosea hata mahali pamoja.

Ndiyo maana kwenye sarufi hii hamtakuta amri ya chati duara. Ipo nguzo moja iliyogawanywa vipande, kisha unabadili mfumo wa majira kutoka mraba kuwa mduara, nguzo inajikunja. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu ofisini. (Kama ni busara kuchora chati duara ni hoja nyingine. Tangu 1984 Cleveland na McGill walionyesha kwamba jicho hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyo kwenye mhimili mmoja kuliko pembe. Lakini wakubwa wetu wanaipenda, tutafanyaje.)

Niwape mfano mwingine, huu ni wenu. Nani hapa amewahi kuomba nukta za bluu akapata nyekundu? Naona mikono. Unaandika aes(colour = "blue"), nukta zinakuja na wekundu uliofifia, na pembeni kuna ufunguo unaokuambia bila haya kwamba huo wekundu unaitwa blue. Watu hudhani ni hitilafu. Ndani ya aes, yale mabano ya kufungamanisha safu na sura ya mchoro, unataja data. Umeiambia: nina data, thamani yake kwa kila nukta ni neno "blue", itafutie rangi. Ikaona thamani moja tu, ikaipa rangi ya kwanza kwenye orodha yake, ambayo ni ule wekundu. Neno hilo hilo ukiliweka nje ya aes, nukta zinakuwa bluu. Kitabu kinatenganisha mambo haya mawili, kufungamanisha safu na rangi, na kupanga rangi kwa mkono wako. Ni maelezo mafupi sana, na nadhani yanaokoa muda kuliko sura nzima za mapambo.

Kwa hiyo mkiniuliza msome vipi: sura za tabaka (nukta, mistari na maumbo mengine yanayopangwa moja juu ya jingine), skeli na sarufi someni kwa mpangilio, mkiwa na data yenu, si magari ya Marekani yaliyomo kitabuni. Hayo magari yamechorwa na dunia nzima, hayatakushtua kamwe. Chukua mvua za masika za mkoa wenu, bei ya mahindi, matokeo ya darasa lako. Data unayoijua ndiyo itakayokupigia kelele mchoro ukidanganya. Yule mzee alijua sensa zilifanyika lini, basi, hakuwa na uchawi mwingine. Sura zilizobaki, za ramani, maandishi na mapambo, ziacheni mpaka kazi iwapeleke huko.

Bando likiisha, andika ?geom_line kwenye R, ukurasa wa msaada unafunguka bila intaneti, na mifano yake ya chini inaendeshwa papo hapo.

Angalizo kuhusu nakala za zamani zinazozunguka kwenye flashi. Toleo la 2009 lilianza na qplot, ambayo sasa imestaafishwa. Amri ya opts ilipisha theme mwaka 2012. Na tangu mwisho wa 2022, unene wa mstari hauitwi tena size, ni linewidth. Ukinakili mistari ya 2009 utapata maonyo na makosa mengi, ukadhani wewe ndiye hujui. Msamiati umebadilika. Maelezo ya data, tabaka na skeli yako palepale.

Kuna swali pale. Ndiyo, dada.

Ameuliza, kwa nini asiiulize tu akili mnemba, inajibu haraka kuliko faharasa ya kitabu. Iulize, sikatazi, hata mimi naiuliza. Ila kumbuka mimi sikukosa jibu. Swali langu lilikuwa "mbona mstari hauji," na jibu la swali hilo ni group = 1, jibu sahihi kabisa. Swali nililotakiwa kuuliza ni "mbona miaka yangu imekuwa maneno," na kuuliza hivyo unahitaji kujua kwamba mhimili una aina. Hilo nililipata kitabuni.

Swali la pili, kaka wa shati jeupe. Hee. Anasema mbona kwenye taarifa za sensa kasi ya ongezeko ilishuka, asilimia 2.9 kwa mwaka hadi 2002, 2.7 hadi 2012, kisha 3.2 hadi 2022. Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi, kasi ilipungua?

Umesoma. Kwa asilimia, ndiyo, ilipungua kidogo. Kwa idadi ya watu wanaoongezeka kila mwaka, hapana, ilipanda. Grafu yangu ilionyesha kulegea, lakini ililegea kwa sababu ya kinyota, si kwa sababu ya hiyo 2.7. Iliangukia karibu na ukweli kwa bahati, na hiyo ndiyo grafu mbaya kuliko zote, kwa sababu mtu akikubana una namba ya kujitetea. Ukitaka mteremko wa mstari usome asilimia, badili skeli ya wima iwe ya logi, ambayo ongezeko la asilimia sawa hupata urefu sawa, scale_y_log10, mstari mmoja tu wa amri. Hapo 1988 hadi 2002 utaona mteremko fulani, 2002 hadi 2012 umelala kidogo tu, halafu unainuka. Lakini miaka iwe namba kwanza, la sivyo logi nayo itakudanganya kwa upole.

Sawa, fungueni kompyuta. Faili la sensa liko kwenye flashi hii, ipitisheni. Kinyota nimekiacha kwenye 2002. Msikifute kwenye Excel, kiondoeni ndani ya R. Na atakayekurupuka kuigeuza safu kuwa namba kabla ya kukiondoa, aangalie vizuri nukta zake ni ngapi, maana ya 2002 itakuwa imetoweka.