Ndiyo, nimekwenda Uingereza kusomea kukaa na vijana

Habari za muda huu ndugu zangu. Leo sipo Birmingham, nipo nyumbani Temeke, kwenye baraza ya mama. Mkisikia bajaji inapita au mama ananiita, mnivumilie. Nimerudi likizo, wiki tano. Nalisema mapema kwa sababu tangu juzi nilipoweka picha niko sokoni Tandika, watu wameshaanza: "Karudishwa huyo." Sijarudishwa. Tiketi ya kurudi ninayo, na mwaka wa pili unaanza Septemba.

Video hii sikuipanga. Naifanya kwa sababu kuna swali linakuja kila wiki, hata nikiweka video ya kupika maharage. "Kaka, hivi hasa unasomea nini?" Nikijibu kwamba nasomea ulezi wa vijana na kazi za jamii, linafuata la pili: "Yaani mmeuza kiwanja uende Ulaya kusomea kukaa na watoto wa watu?" Wengine wanauliza kwa heshima, wengine wanatukana. Wote nawajibu leo, halafu nikiulizwa tena nitawaelekeza hapa.

Habari za baridi na upweke sisemi, mmeshazisikia kwa kila mtu aliyepanda ndege. Na kabla hamjaanza: nikitaja pesa, sijisifu. Nikitaja shida, silalamiki. Nasema yaliyonitokea mimi.

Tuanze na pesa maana ndiyo mnayoipenda. Mwaka 2024 ada ya kuomba visa ya mwanafunzi ilikuwa pauni 490. Juu yake kuna mchango wa huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa visa, na unalipa miaka yote kwa mkupuo kabla hujaondoka. Kuna kipimo cha kifua kikuu, unakifanyia hapa hapa Dar. Ada ya chuo sitaitaja, mama ananisikia na sitaki aanze kuhesabu upya.

Ila kilichotutoa jasho ni zile siku 28. Hela ya kujikimu lazima ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiasi walichoweka. Ikishuka siku moja tu, unaanza moja. Kiwanja cha Chanika kiliuzwa, mama akatoa hela yake ya kikoba, kaka akaongezea, zikatimia kwenye akaunti ya mama. Kwa kuwa akaunti si yangu ilitakiwa barua yake ya ridhaa na cheti changu cha kuzaliwa. Kwenye cheti jina la mama lina herufi moja zaidi ya ile ya kwenye kitambulisho chake. Tukaenda kwa wakili kula kiapo kwamba mama yangu ni mama yangu.

Siku ya 19, baba mdogo akapata msiba wa mkwewe. Akaja hapa hapa kwenye baraza, akaomba laki nane, "siku mbili tu shemeji, nazirudisha." Mama akatoa. Utamnyimaje mtu mwenye msiba? Hela ilirudi wiki ya tatu. Tukaanza kuhesabu upya, moja, mbili, tatu, na chuo kimeshaweka tarehe ya mwisho ya kuripoti. Nilifika siku mbili kabla ya kufungwa kwa usajili.

Baba mdogo, shikamoo. Najua unaangalia. Sikuwahi kukulaumu, msiba ni msiba. Kinachoniuma ni ujumbe uliouandika mwezi wa tano kwenye video yangu, watu wote wanausoma, kwamba mtoto akivuka maji anasahau damu yake. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi ya usafi usiku. Visa ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 tu kwa wiki kipindi cha masomo. Kima cha chini cha mshahara kule mwaka 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Piga hesabu, ni pauni 244 na senti kidogo kwa wiki, hapo kodi ya chumba haijatoka, nauli haijatoka, chakula hakijatoka. Ndani ya hiyo nilikuwa natuma nyumbani. Sikukuambia kwa sababu sikuona kama ni jambo la kutangaza. Basi, hilo nimelitoa moyoni, tuendelee.

Sasa hiyo kozi. Kwetu ukisema "vijana", sera yetu ya 2007 inahesabu miaka 15 hadi 35, na mtu akisikia shughuli za vijana anawaza ule mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya vijana, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani. Mkopo si vibaya. Lakini yule wa miaka 14 aliyekaa kona hana kikundi wala katiba ya kikundi. Yeye fungu lake kwetu ni jina. Wakikaa watatu ukutani jioni, mtu anavuka barabara na kusema "panya road hao", yaani genge la vibaka. Mimi mwenyewe nimeitwa hivyo, nikiwa na begi la shule mgongoni.

Kule kazi ninayosomea ni ya kukaa na hao, kuanzia miaka 11 mpaka 25 hivi. Si ualimu, si upolisi, si upadri. Mtoto anakuja kituoni kwa hiari yake na anaondoka kwa hiari yake, hakuna mahudhurio ya lazima. Kwa hiyo huna fimbo wala mtihani wa kumshikia. Una wewe tu. Na msidhani ni jambo la juzi. YMCA, kile chama cha vijana wa Kikristo ambacho jengo lake tumelipita mara ngapi pale Upanga, ilianzishwa London mwaka 1844 na kijana aliyekuwa anafanya kazi kwenye duka la vitambaa, George Williams, kwa ajili ya vijana wenzake waliokuja mjini kutafuta kazi. Leo nchini England ukitaka kutambuliwa rasmi kama mlezi wa vijana mwenye taaluma kamili lazima uwe na shahada. Na msidhani pia kwamba kule mambo ni mteremko. Tangu 2010 bajeti za vijana zimekatwa sana, vituo vingi vimefungwa. Kituo nilichofanyia mafunzo kwa vitendo kilikuwa kinafunguliwa jioni mbili tu kwa wiki.

Kabla ya kuingia hapo unakaguliwa kama umewahi kufanya jinai. Kwao ukaguzi ulitoka haraka. Lakini walitaka pia cheti cha tabia njema kutoka nchi niliyokulia. Nikachukuliwa alama za vidole Birmingham, karatasi ikasafiri kwa posta hadi kwa kaka, kaka akaipeleka polisi, wino ukaonekana umefifia, nikaambiwa nianze upya. Karatasi ya pili ikakwama njiani. Wenzangu walianza mafunzo Oktoba, mimi nilianza Januari. Kama unapanga kusomea kitu chochote kinachogusa watoto, hicho cheti kikate ukiwa bado Dar. Nasema kwa jinsi ilivyonikuta, wako wengine walipita bila tabu.

Niwaambie kitu kimoja kilichonitokea kituoni. Jina sitaji, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili mtoto asijulikane.

Alikuwa anakuja kila Jumanne, kofia ya sweta imefunika mpaka macho, anakaa karibu na kipasha joto. Haongei. Mimi nikajitwika kumwongelesha. Habari za shule, habari za mpira, unapenda timu gani. Anageuza shingo. Msimamizi wangu, mama mmoja mtu mzima wa asili ya Jamaika, akaniita jikoni akanipa vibao viwili vya mpira wa meza. Akaniambia nikampe kimoja, halafu ninyamaze.

Tukacheza. Wiki ya kwanza hakuna neno, ni tak, tak, tak, na mpira ukidondoka mmoja anainama kuuokota. Wiki ya pili hivyo hivyo. Kumbukeni huo ndio mwaka ambao nyumbani wameuza kiwanja, na mimi niko Ulaya nacheza mpira wa meza na mtoto asiyenisalimia. Kuna usiku nilirudi chumbani nikalia.

Wiki ya sita, katikati ya mchezo, bila kuniangalia, akauliza: "Nikikwambia kitu, utamwambia mtu?"

Nikasema, "Simwambii mtu."

Kosa hilo. Tulishafundishwa darasani, nilishaliandika kwenye daftari, na siku ilipofika nikajibu kama mtu wa Temeke anavyojibu. Kwetu siri ni amana. Akanieleza yanayotokea kwao, na yalikuwa mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyasikia akaenda kulala. Usiku ule ule nilimwambia msimamizi, na ikapelekwa kunakohusika. Jumanne iliyofuata hakuja. Iliyofuata hakuja. Nilikuwa naweka vibao mezani saa moja kamili, naangalia mlango.

Alirudi wiki ya tatu. Akasimama upande wake wa meza akasema, "Ulisema humwambii mtu."

Sikujitetea. Nilimwambia nilikuahidi kitu ambacho sikuwa na haki ya kukuahidi, nisamehe. Nilipaswa kusema: nitakusikiliza, lakini kama kuna mtu anakuumiza, lazima nimwambie anayeweza kuzuia. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua kibao. Nyumbani kwao alishapata msaada wakati huo, hapo naishia.

Na msiniambie hayo ni mambo ya wazungu. Sheria ya Mtoto yetu, ya mwaka 2009, inampa kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake anapojua haki ya mtoto inavunjwa. Kuna namba ya simu ya msaada kwa mtoto, 116, bure. Ila sisi tunasema mambo ya nyumbani yasitoke nje. Nimekulia mtaa huu, najua ni mangapi hayakutoka nje.

Ambalo bado nabishana nalo ni hela. Siku moja mvua inanyesha, mtoto mwingine hana nauli, nikampa pauni mbili zangu. Niliitwa. Wakanieleza kwamba hela ikitoka mfukoni mwangu, mtoto anakuwa na deni kwangu, na kesho akija mtu mbaya na pauni mbili ataona ni kawaida. Nauli itoke kituoni, iandikwe. Nimelielewa. Lakini mimi nimelelewa na majirani walionipa sahani ya ugali bila kuandika popote, na siwezi kusimama hapa nikasema walikosea. Nusu nimekubali, nusu bado naitafakari.

Wengi mmeuliza hii roho ya kukaa na watoto nimeitoa wapi. Sikuitoa Birmingham. Hapa nyuma kulikuwa na uwanja, sasa nusu yake ni fremu za maduka. Kulikuwa na mzee anauza mkaa, sisi tukimwita Kocha tu. Saa kumi jioni anafunga genge la mkaa, anakuja na mpira na daftari la majina. Kila ukurasa wa lile daftari, pembeni chini, kuna alama nyeusi ya kidole gumba chake pale anapofunulia. Anatuhesabu. Asiyekuwepo, mazoezi yakiisha anapita kwao.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 13. Sikwenda uwanjani wiki mbili. Kocha akaja. Mama alikuwa amekaa hapa, hapa nilipokaa mimi, ana ungo anachambua mchele. Kocha akamwamkia, akavuta kigoda, akaanza kuchambua naye. Mwanaume mzima na vidole vyake vyeusi, anatoa kokoto moja moja, anaziweka kwenye kiganja. Hakuniuliza kitu. Mchele ulipoisha akasimama, akasema, "Jezi yako ipo." Akaenda. Kesho yake nilikwenda uwanjani.

Kwa hiyo ukiniuliza nasomea nini, nasomea alichokuwa anafanya yule mzee, ili niweze kukifanya bila kukosea kama nilivyokosea na yule mtoto, na ili siku moja kilipwe mshahara. Yeye hakulipwa hata shilingi.

Je, uende? Sijui. Hali yako siijui. Kama una mtoto, jua kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi hawaruhusiwi kuja na familia. Na hapa Kijitonyama kuna Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ipo tangu miaka ya sabini, watu wamesoma pale na wanafanya kazi nzuri kwenye kata zetu. Mimi nilipata nafasi kule nikaenda. Mwingine akisoma hapa hajapungukiwa. Usiuze kiwanja kwa sababu ya video yangu, kakae kwanza na familia yako.

Orodha ya nyaraka nitaiandika chini, zile nilizotumia mimi, na mwangalie kama ada hazijabadilika maana zinapanda karibu kila mwaka.

Saa kumi inakaribia. Kocha bado yupo, miguu inamsumbua lakini yupo, na daftari ni jipya. Jana amenipa watoto wa chini ya miaka 12, ameniambia nisichelewe na nisiende na kamera. Naiacha hapa kwa mama.