Safisha Maandishi Kwanza, Ndipo Uweke Sharti

Hamjambo nyote, na karibuni. Leo tunaandika programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, inayopokea namba ya simu ya mkononi ya Kenya na kuamua kama inafaa.

Namba ileile mmoja ataiandika kwa 07, mwingine aanze na 2547, wa tatu aweke +2547 na kuacha nafasi katikati. Mama muuza nguo wa soko la Gikomba, Nairobi, ataitambua mara moja. Kompyuta haitaitambua, kwake hayo ni maandishi matatu tofauti.

Nasema maandishi kwa makusudi. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi. Ukiigeuza kwa int(), yaani kuifanya namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo inapotea na mteja hapatikani. Umri na bei ndivyo vya kugeuza, kwa sababu vikibaki maandishi, "10" itakuwa ndogo kuliko "9": Python hulinganisha herufi moja moja kutoka kushoto, na 1 hutangulia 9.

Basi tusafishe. strip() huondoa nafasi za pembeni tu. Za katikati ziondoeni kwa replace(" ", ""). Majibu kama "Ndiyo" na "ndiyo" yapitisheni kwenye lower(), ili herufi zote ziwe ndogo. Na sisi tunaoandika Kiswahili tuna jambo letu: ile alama iliyo katika neno ng'ombe. Simu nyingine huweka iliyonyooka, nyingine iliyopinda, na Python huyahesabu kuwa maneno mawili. Chagueni moja, mbadilishe nyingine.

Sasa masharti. Ikianza na "+254", kata herufi 4 uweke "0". Elif, yaani la sivyo ikiwa, ianze na "254", kata 3 uweke "0". Kisha hakikisha ni tarakimu tupu na zimefika 10.

Hapa naomba mtulie, maana ndipo wanafunzi wengi hunaswa. Mtu huandika:

if namba.startswith("07") or "01":

Inasomeka vizuri (startswith ni "inaanza na", or ni "au"), lakini hupitisha kila kitu, hata neno "sukuma". Python huuliza pande mbili za or kila moja kivyake, na maandishi yoyote yasiyo matupu, "01" likiwemo, huyahesabu kuwa kweli. Andikeni:

if namba.startswith(("07", "01")):

Imebaki else, yaani la sivyo. Tafadhali msimwandikie mtu "Kosa!" na kumwacha hapo. Mwambieni: "Namba iwe na tarakimu 10, ianze na 07 au 01."

Haya, fungueni kompyuta.