Pweza si samaki

Mama zangu wachokoaji wa pweza, na nyinyi wanunuzi mlioketi nyuma, narudia lile lile: pweza si samaki. Ni moluska, ukoo mmoja na konokono, chaza, ngisi na dome. Konokono ana gamba moja, chaza ana mawili, dome amelificha mgongoni, ndicho kile kipande cheupe chepesi mnachookota ufukweni. Pweza hana kabisa, ndiyo maana anaishi shimoni.

Mtaniuliza, jina lina kazi gani sokoni? Kazi ipo kwenye uzazi. Samaki kama changu huishi miaka mingi na hutaga mara nyingi. Pweza wetu wa mwambani huishi mwaka mmoja hivi, na jike hutaga mara moja tu. Hujifungia shimoni, akaziba mlango kwa mawe na vipande vya makombe. Mayai huyatundika juu, vishada kwa vishada, laki kadhaa, kila yai dogo kuliko punje ya mchele. Kwa mwezi mzima hivi huyapulizia maji na kuyasafisha, chakula hagusi. Yakianguliwa, anakufa.

Sasa wewe bamvua imefika, maji yamekupwa sana, unaona shimo lililozibwa kwa mawe, unaingiza mchokoo wa kumtolea pweza. Unamtoa jike aliyekonda, asiye na uzito wa maana kwenye mizani, na mayai yote yanaliwa na samaki kabla hujafika ufukweni. Hasara gani hiyo? Shimo lililozibwa liacheni!

Njia nyingine ya kuwalinda ni kufunga mwamba kwa muda, pweza wasivuliwe. Najua jibu lenu: tukifunga mwamba, watoto wale nini? Hakuna aliyesema tufunge wote. Fungeni sehemu moja, miezi mitatu, kwingine endeleeni. Pweza mdogo huongeza uzito wake maradufu ndani ya wiki chache tu, na kanuni za Tanzania zinakataza aliye chini ya gramu 500. Mkifunga mwezi mmoja mtapata wanono kidogo, lakini majike hawatakuwa wamemaliza kulea. Kosa jingine ni siku ya kufungua: kijiji kizima kinashuka pamoja, matumbawe yanavunjwa kwa miguu, na mashimo yakivunjika pweza mpya atahamia wapi? Gaweni zamu kabla ya siku hiyo.

Mkitaka kumtofautisha na jike, dume mtamjua kwa mkono wa tatu wa kulia, ukihesabu kutoka mbele: ncha yake haina vile vikombe vya kunatia.

Chaza tutawazungumzia siku nyingine, muda umekwisha. Ila msiwaokote karibu na mifereji ya maji machafu: chaza huchuja maji kutwa, na uchafu wote hubaki ndani yake.