Na Ya Nani?

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuna neno moja tu, la herufi mbili: na. Kassim, sikiliza sentensi hii. "Nina kaka na dada, na wote walilelewa na bibi."

KASSIM: Zimo na nne.

ZUHURA: Nne, kwa kazi tatu. Ya kwanza imejibana ndani ya "nina": ni-na, mimi niko na kitu, ndiyo kumiliki kwetu. Mbili za katikati zinaunganisha. Ya mwisho inamtaja aliyelea. Na mtoto mdogo anazitumia zote bila kufundishwa na mtu! Mimi hilo hunigusa sana.

KASSIM: Mimi, dada yangu, iliyonikamata ni na ya wenzetu. Nilipoanza kujifunza Kirusi nilikutana na "na stole". Maana yake mezani. Kipolandi na Kicheki nao husema "na stole" vilevile. Baadaye nikashika Kireno, nikakuta "na mesa".

ZUHURA: Mezani tena! Na hiyo mesa ndiyo meza yetu, tuliipata kwa Wareno.

KASSIM: Ndiyo hiyo. Basi nikaamini nimeona undugu. Sauti ileile, maana ileile, hata meza ipo. Nikaiandika daftarini na kupigia mstari.

ZUHURA: Kumbe?

KASSIM: Kumbe sivyo. Mwalimu wangu aliniambia nibadilishe nomino tu, nione. Kwa Kireno kitabu ni cha jinsia ya kiume, kwa hiyo husemi "na livro", unasema "no livro". Ile na ni maneno mawili yaliyoshikamana: em, yaani katika, na a, kitambulishi cha jinsia ya kike. Jinsia ikigeuka, na inageuka. Sasa rudi kwa Kirusi: meza yao ni ya kiume, kitabu chao ni cha kike, na haitikisiki. Ni kihusishi kimoja tangu hapo.

ZUHURA: Yaani zimekutana mezani tu, kila moja imetoka kwao.

KASSIM: Umesema vizuri.

ZUHURA: Na kukutana huko si ajabu. Chukua Kiswahili: irabu 5, konsonanti hazifiki 30. Silabi za konsonanti moja na irabu moja hazizidi 150. Lugha zikigawana silabi chache namna hiyo, zitagongana tu. Tena n na a ni sauti nyepesi, karibu kila lugha inazo.

KASSIM: Ndiyo maana Pijini ya Nigeria ina "na me", ni mimi. Kitagalogi kina "kumain na ako", nimeshakula. Kihindi huiweka mwishoni, "hai na?", kama sisi tunavyouliza "au sivyo?" Na Kijapani, "iku na!"

ZUHURA: Nenda na...?

KASSIM: Usiende! Ukiitamka kwa ukali baada ya kitenzi, inakataza.

ZUHURA: Lakini kaka, nisikuache uondoke na wazo kwamba zote ni bahati. Kizulu kina na, na ni "na" yetu kabisa.

KASSIM: Utajuaje, ikiwa ile ya meza ilinidanganya?

ZUHURA: Kwa sababu haiji peke yake. Mtu kwao ni umuntu, watu ni abantu, tatu ni thathu, nne ni -ne. Neno moja linaweza kufanana kwa ajali. Msamiati wa kila siku, hesabu na ngeli zake kwa pamoja, hapana. Halafu kinachonifurahisha zaidi, na ya Kizulu haionekani kirahisi. "Mama na baba" wao husema "umama nobaba".

KASSIM: Nobaba. Na imekwenda wapi?

ZUHURA: Baba kwao ni ubaba. Na ikigusana na ile u ya mwanzo, a na u zinayeyuka kuwa o. Na-ubaba, nobaba. Itamke polepole, halafu haraka.

KASSIM: Na-ubaba... naubaba... nobaba. Aa! Imo humo humo.