Mfa Maji Hushika Maji

ASYA: Taa imewaka, Maalim. Tunarekodi.

KOMBO: Bismillahi. Assalaam alaykum wasikilizaji, mlioko Unguja, mlioko Pemba, na nyie wa Maskati mnaotuandikia kila wiki kuwa sauti yangu haisikiki. Nimesogezewa maikrofoni mpaka mdomoni, nikila kitu mtanisikia. Mie Kombo, mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa Wete.

ASYA: Na mie Asya, wakili. Leo tunaendeleza ubishi ulioanza nje ya kipindi. Nchi inayopiga kura, yenye bunge na mahakama zake, inaweza kumtesa mtu kwa ajili ya usalama na bado ikawa na haki? Maalim alisema inaweza.

KOMBO: Nilisema wakati mwengine inalazimika.

ASYA: Haya, tetea.

KOMBO: Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, nilikuwa Dar. Nilikwenda Kariakoo kufuata daftari za skuli. Kabla ya saa tano asubuhi tukasikia kishindo. Mwenye duka akasema ni tairi la lori. Baadaye ndio habari ikafika: ubalozi wa Marekani umelipuliwa, na wa Nairobi pia, muda ule ule. Dar walikufa watu 11, Nairobi 213. Sasa fanya Alhamisi usiku polisi wamemkamata mmoja wa walipuaji, anajua gari liko wapi, na hasemi. Umletee chai?

ASYA: Mfano huo wanafunzi wa sheria wanaupenda sana. Bomu linahesabu dakika, mtu unaye, una hakika kuwa anajua, una hakika kuwa atasema kweli, na muda unatosha. Mie sijawahi kuona kesi yenye vyote hivyo kwa pamoja. Iliyokaribia zaidi ni ya Ujerumani.

KOMBO: Ya yule mtoto.

ASYA: Ndiyo. Frankfurt, 2002. Mwanafunzi wa sheria, na hilo linaniuma, alimteka mtoto wa miaka 11, akataka fedha. Polisi wakamnasa, naye akawa anawazungusha. Naibu mkuu wa polisi akaamuru atishiwe kuwa ataumizwa vibaya. Kutishiwa tu. Akasema mtoto alipo.

KOMBO: Si umeona? Kasema.

ASYA: Kasema, na mtoto walimkuta keshakufa. Alikuwa keshauawa zamani, kabla ya kitisho chenyewe.

KOMBO: Lahaula.

ASYA: Hawakujua. Na hapo ndipo mfano wako unapoanguka, Maalim. Kwenye hadithi unajua kila kitu. Kwenye chumba cha mahojiano hujui lolote, ndio maana unahoji. Yule afisa alishtakiwa akatiwa hatiani, ingawa adhabu yake ilikuwa nyepesi sana, onyo na faini iliyoahirishwa, asiyolipa ila akikosa tena. Na 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema kitisho kile kilikuwa unyama uliokatazwa, hata kama nia ilikuwa kuokoa roho.

KOMBO: Basi mie namwelewa yule afisa. Na wewe ungekuwa mama wa mtoto ungemwelewa. Lakini sikiliza, nimekubali jambo moja. Alifanya, kisha akasimama mbele ya hakimu. Hakuandikiwa ruhusa kabla.

ASYA: Hapo hapo. Usiondoke hapo. Israel walikuwa na mtindo wa ruhusa. 1987 tume ya serikali yao ikasema wapelelezi wanaweza kutumia "shinikizo la mwili la kiasi". Neno zuri, eti? La kiasi. Miaka 12 baadaye, 1999, Mahakama yao Kuu ikapiga marufuku: kumtikisa mtu kwa nguvu, kumfunga kwenye kigoda kilichoinama, kumnyima usingizi kwa makusudi. Ila ikaacha dirisha wazi. Mpelelezi akivuka mpaka kwa dharura, anaweza kujitetea kwa dharura hiyo baada ya kushtakiwa. Watetezi wa haki wa kule kule wanalalamika mpaka leo kuwa dirisha limegeuzwa mlango.

KOMBO: Dirisha likiachwa wazi hukosi paka.

ASYA: Wamarekani ndio waliotengeneza mlango kabisa, wa mbao nzuri. Agosti 2002 wanasheria wa Wizara ya Sheria waliandika waraka. Wakasema maumivu hayahesabiwi kuwa mateso mpaka yafikie maumivu ya mtu anayekufa, au kiungo kinachoacha kufanya kazi. Chini ya hapo ni "mbinu zilizoimarishwa". Mie kama wakili waraka ule ulinitia haya. Msomi mwenye shahada yake anakaa ofisini, kahawa pembeni, anapima mwenzake aumizwe mpaka wapi.

KOMBO: Na mbinu yenyewe ilikuwa maji.

ASYA: Maji, na nyengine. Mtu analazwa chali juu ya ubao, kichwa chini kuliko miguu, kitambaa usoni, yanamiminwa maji. Mmoja alifanyiwa mara 83 mwezi ule ule wa Agosti. Mwengine mara 183 Machi 2003. Hizo ni hesabu zao wenyewe.

KOMBO: Sisi watu wa pwani tunalijua hilo. Mfa maji hushika maji. Mtu anayezama hakamati kamba, anakamata chochote.

ASYA: Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kuna mtu alipelekwa Misri kuhojiwa, akateswa, akasema Iraki iliwafundisha Al-Qaeda silaha za kemikali. Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akalitumia neno lile mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mwezi uliofuata, vita vya Iraki. Baadaye yule mtu akalikana: alisema ili wamwache.

KOMBO: Watu walikufa kwa neno la mfa maji.

ASYA: Desemba 2014 kamati ya ujasusi ya Seneti ya Marekani ikatoa muhtasari wa ripoti yake. Watu 119 walishikwa na CIA, shirika lao la ujasusi, kwenye magereza ya siri, na wasiopungua 26 hawakustahili hata kukamatwa, kwa vigezo vya CIA yenyewe. Kamati ikasema mbinu zile hazikuwa njia ya kufaa ya kupata habari. CIA walipinga hilo, niwatendee haki. Nchi iliyotoa ripoti juu ya aibu yake inastahili sifa, sikatai. Lakini waliotoa ruhusa, nitajie mmoja aliyefungwa.

KOMBO: Nitajie weye, ndio wakili.

ASYA: Hakuna. Sasa nirudi kwenye Ijumaa yako. Mmoja wa waliohusishwa na bomu la Dar ni kijana wa hapa Unguja, Ahmed Khalfan Ghailani.

KOMBO: Namjua kwa habari. Alikamatwa Pakistan.

ASYA: 2004. CIA wakamweka kwenye gereza la siri kama miaka miwili, kisha Guantánamo, kisha 2009 akapelekwa New York, mahakama ya kiraia, si ya kijeshi. Waendesha mashitaka walikuwa na shahidi mkubwa, Mtanzania, atakayesema alimuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa. Kwa nini? Kwa sababu shahidi yule alipatikana kwa maneno aliyokamuliwa Ghailani kule gerezani. Jaji akasema Katiba ndio mwamba nchi iliposimama, haifuatwi pale inapofaa tu.

KOMBO: Na hukumu?

ASYA: Mashitaka 285. Yamo 224 ya mauaji, moja kwa kila aliyekufa. Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia kwenye shitaka moja: kula njama ya kuharibu mali na majengo ya serikali ya Marekani.

KOMBO: Majengo.

ASYA: Majengo. Yale 224 ya roho, hana hatia.

KOMBO: Lakini alifungwa maisha.

ASYA: Maisha, ndiyo. Ungeniuliza, basi hasara iko wapi? Mie sijui kama shahidi yule angebadilisha hukumu. Ila wale 11 wa Dar, jamaa zao hawakupata kusikia mahakama ikisema Ghailani aliwaua watu wenu.

KOMBO: (Kimya kidogo.) Niseme kitu kinachonikera juu ya msimamo wangu mwenyewe. Tulisomeshwa chuoni hadithi ya Hisham bin Hakim. Alipita nchi ya Sham akakuta watu wamesimamishwa juani, wamemiminiwa mafuta vichwani. Akauliza, kulikoni? Akaambiwa ni kodi, hawajalipa. Akasema, nashuhudia nilimsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akisema Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowaadhibu watu duniani. Gavana akaamuru waachiwe. Sasa kinachonisumbua: serikali ile ilikuwa halali. Na deni lilikuwa halali. Hapakuwa na dhalimu wa kumsukumia lawama.

ASYA: Hiyo sikuitarajia kutoka kwako.

KOMBO: Usifurahi mapema. Turudi nyumbani.

ASYA: Katiba ya Muungano, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Ya Zanzibar ya 1984 nayo inakataza. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, wa 1984, unaosema hata vita si kisingizio, Tanzania haijauridhia. Kenya wamo tangu 1997, na wana sheria yao maalumu ya 2017. Uganda walitunga yao 2012. Kwetu mtu akiumizwa kituoni, anayeshitakiwa anashitakiwa kwa shambulio, kama ugomvi wa sokoni.

KOMBO: Na zile kesi ndogo?

ASYA: Ah, hizo wasikilizaji wanazijua tangu kesi ya Mbowe, mwanasiasa wa upinzani, ya 2021. Polisi wanaleta maelezo ya onyo ya mshitakiwa, yaani aliyoandikishwa kituoni, wakili anasimama: aliteswa, hakuyatoa kwa hiari. Kesi kubwa inasimama, inafunguliwa kesi ndogo ndani yake kuamua hilo tu. Sasa jiweke kwenye kizimba. Mlikuwa watu watatu chumbani, wawili polisi. Daktari umemuona wiki mbili baadaye, uvimbe umeshakwisha. Utathibitisha kwa nini? Ndio maana mie kila siku nasema, mjadala wa bomu ni anasa. Mateso mengi ninayoyasikia mie hayahusu bomu. Ni simu iliyoibiwa. Ni bangi.

KOMBO: Wazee wa hapa ukiwatajia Kwa Bamkwe, pale walipoteswa mahabusu baada ya Mapinduzi, wanabadilisha mazungumzo. Hakukuwa na bomu pia.

ASYA: Nimalizie na mtu mmoja, jina silitaji. Mtu wa visiwa hivi, mvuvi na mfanyabiashara mdogo. 2003 alikamatwa Mogadishu, akapelekwa Afghanistan, gereza la siri, kizani. Akafungwa minyororo, akamwagiwa maji baridi. Alikaa miaka mitano. 2008 wakamwachia, wakampa karatasi inayosema hana hatari kwa majeshi ya Marekani. Akarudi Zanzibar. 2015 yeye na wenzake wakawashitaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile, ambao kampuni yao ililipwa dola milioni 81. Agosti 2017, wiki chache kabla ya kesi kusikilizwa, wakamalizana nje ya mahakama.

KOMBO: Alilipwa kiasi gani?

ASYA: Ni siri.

KOMBO: Na karatasi yenyewe, iliandikwa pole?

ASYA: Haikuandikwa.

KOMBO: Miaka mitano, karatasi moja. Haya. Mie bado yule mtekaji wa Frankfurt ningemzaba kofi.

ASYA: Najua. Na mie ningekutetea, kwa bei ya ndugu.

KOMBO: Bei ya ndugu yako naijua, bora nifungwe. Zima mashine.