Saifa Ipi Iaminike, na Ipi Ifutwe?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi mafundi mnaokesha na seva, asanteni kwa kunikaribisha.

Kila kivinjari kinapofungua tovuti yenye https, kabla ukurasa haujaonekana, kivinjari na seva hupatana kwanza. Kivinjari hutaja saifa kinazozijua, yaani mbinu za kufumba data, na seva hulinganisha na zake. Hayo yote huisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, wala mtumiaji haoni lolote. Lakini orodha ile ya seva kuna mtu aliiandika. Pengine ni wewe, pengine ni fundi aliyeondoka zamani, pengine ilinakiliwa tu kutoka seva nyingine. Nataka tuitazame orodha hiyo, na hasa vile vilivyosahaulika ndani yake.

Nianzie mwaka 1995, maana habari hii inatuhusu. Wakati huo sheria za Marekani zilizuia usimbaji wenye nguvu kuuzwa nje. Netscape ikatoa matoleo mawili ya kivinjari chake: la ndani ya Marekani lenye ufunguo wa biti 128, na la sisi wengine wote duniani lenye biti 40. Agosti mwaka huo, Damien Doligez, mtafiti wa Ufaransa, alichukua ujumbe mmoja uliofungwa kwa biti 40, akajaribu funguo moja baada ya nyingine kwa kutumia muda wa ziada wa kompyuta zaidi ya 100. Baada ya siku 8 ukafunguka. Udhaifu ule haukutokana na uzembe wa mtu. Uliwekwa kwa makusudi, na waliowekewa ni watu wa nje.

Sheria zile zililegezwa mwaka 2000. Saifa zenyewe hazikuondoka. Zilibaki kwenye programu za seva kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuzifuta, na mwaka 2015 zikaleta msiba. Machi lilitangazwa shambulio la FREAK, Mei likafuata la Logjam. Mdukuzi aliyekaa katikati ya mawasiliano aliweza kuyaingilia mapatano na kuiambia seva, "Huyu anataka zile za zamani." Seva ikakubali. Katika FREAK, saifa hizo zilitegemea ufunguo dhaifu wa RSA, mbinu ya ufunguo wa wazi na wa siri, wenye biti 512 tu, na wakati huo ulivunjwa kwa saa chache, kwa kukodi kompyuta kwa takribani dola 100. Na waathirika walikuwa watu wenye vivinjari vya kisasa, ambao pande zote mbili zingeweza kuzungumza kwa AES, saifa ya kisasa yenye nguvu, bila shida. Nyumba yenye milango minne ya chuma na mmoja wa makuti, mwizi hatahangaika na chuma. Ndiyo maana nasema fundi anayeongeza saifa mpya nzuri bila kufuta mbovu hajafanya kitu.

Sasa tutajuaje ipi ni nzuri? Wengi hutazama muhuri wa taasisi. Mimi natazama saifa imepigwa kiasi gani hadharani. AES ilipatikana hivi: mwaka 1997 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliwaita wataalamu wa dunia nzima, zikaja saifa 15, na kila mshindani akaruhusiwa kuzishambulia za wenzake mbele ya watu. Oktoba 2000 ikashinda ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Tangu hapo imeshambuliwa na wataalamu wa kila nchi, na bado imesimama. Lakini NIST hiyohiyo mwaka 2006 iliidhinisha Dual_EC_DRBG, kanuni ya kuzalisha namba za nasibu ambazo funguo hutengenezwa kwazo. Mwaka uliofuata watafiti Dan Shumow na Niels Ferguson walionyesha kwamba aliyechagua namba zake za msingi angeweza kuwa na ufunguo wa siri wa kutabiri kila kitakachotoka. Ilibaki kwenye viwango hadi nyaraka za ujasusi wa Marekani alizovujisha Edward Snowden zilipoibua suala hilo mwaka 2013. Mwaka 2014 ikaondolewa. Muhuri ulikuwa uleule.

Na imani ina muda wake. RC4, saifa ya zamani, ni mfano unaouma. Mwaka 2001 Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kwamba baiti yake ya pili huwa sifuri mara mbili zaidi ya inavyopaswa. Ishara ilikuwa wazi. Hata hivyo, mwaka 2011 shambulio la BEAST lilipozipata saifa za mtindo wa CBC, yaani zinazofumba data kwa vipande vilivyounganishwa, wataalamu wengi walishauri watu wakimbilie RC4! Miaka miwili baadaye ufa ule ulikuwa umepanuliwa hadi kuweza kusoma vidakuzi (cookies) vya watu, na Februari 2015 RC4 ikapigwa marufuku kwenye TLS, itifaki inayolinda https. Ufa kwenye saifa haujawahi kuziba wenyewe. Ukisikia umeonekana, anza kuhama.

Tusome jina moja kwa makini: ECDHE-RSA-AES128-GCM-SHA256. ECDHE ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hutengeneza ufunguo wa muda kwa kila muunganisho. Mtu akirekodi mawasiliano leo na kuiba ufunguo wa seva mwakani, hatasoma kitu. RSA ni sahihi ya kuthibitisha seva. AES128 hufumba data, na GCM hugundua kama imechezewa njiani. SHA256 hutumika kutengeneza funguo. Kwa TLS 1.2 na za chini yake, jina lisilo na ECDHE wala DHE, nduguye wa zamani, lifute. Lenye RC4, DES, 3DES, EXPORT (zile dhaifu za kuuzwa nje) au NULL (isiyofumba kabisa), lifute leo.

TLS 1.3 ya mwaka 2018 imetupunguzia kazi: saifa 5 tu, zote za kuaminika. Mojawapo ni ChaCha20 ya Daniel Bernstein, nayo ina faida kubwa kwetu, kwani simu nyingi za bei nafuu hazina maagizo maalumu ya AES kwenye prosesa, na ChaCha20 huenda kasi zaidi humo. Kwa hiyo ukishabakiza saifa nzuri tupu, mwachie mteja, yaani kivinjari, achague.

Najua swali linalokuja: wateja wenye simu za zamani je? Ni swali la haki. Android za kabla ya 5.0 haziwashi TLS 1.2 zenyewe, na mwenye simu hiyo naye ni mteja. Lakini msikisie. Kwenye nginx, programu ya seva, ongezeni $ssl_protocol na $ssl_cipher katika kumbukumbu za seva, mwache ziandike kwa mwezi mzima, kisha mhesabu ni wangapi kweli bado wanakuja na TLS 1.0. Leteni hesabu hiyo kwa wakubwa wenu, tuanzie hapo maswali.