Kupima gesi kabla ya kushuka shimoni

Karibuni, ndugu zangu. Leo tuko Mafinga, nyuma ya kiwanda cha mbao. Shimo hili la maji taka lina kina cha mita nne, na fundi anasubiri kushuka kuzibua bomba. Asishuke kwanza. Tupime hewa.

Kifaa ni hiki, kinaenea kiganjani. Kinasoma oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza.

Kiwashe huku nje, mbali na shimo na moshi wa jenereta. Oksijeni isome asilimia 20.9, nyingine sifuri. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, lakini asilimia hiyo haibadiliki.

Hapa sasa ndipo wengi wanaporuka. Sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachohisi gesi, ikifa nayo huonyesha sifuri! Niliwahi kushuka mashimoni siku tatu na kifaa cha namna hiyo. Siku ya nne nilipokipulizia gesi ya majaribio, namba ya salfaidi haikusogea hata kidogo. Kwa hiyo kila asubuhi valisha kofia hii, fungua mtungi mdogo, tazama kioo. Mnaona? Namba zinapanda, taa nyekundu zinawaka, kinalia, kinatetema mkononi. Kisipolia, hakuna kazi ya shimoni leo.

Simama upepo unakotokea, inua mfuniko kidogo, ingiza mpira wa pampu. Pima juu, katikati, chini, kwa sababu methani, mojawapo ya gesi zinazowaka, ni nyepesi na salfaidi ni nzito kuliko hewa. Kila kituo subiri angalau dakika mbili. Huu utepe mwekundu nimeufunga ili nijue pa kukomea. Ncha ikinyonya maji, pampu imekwisha.

Soma oksijeni kwanza, maana ikipungua mno hata sensa ya gesi zinazowaka haisomi sawasawa. Oksijeni ikiwa chini ya 19.5, hakuna kushuka. Gesi zinazowaka zikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini kinachoweza kulipuka, salfaidi sehemu 10 kwa milioni, au kaboni monoksaidi 35, hakuna kushuka. Washa feni, kisha pima upya.

Pua msiitegemee. Salfaidi ikifika kama sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa kunusa: harufu inapotea, gesi ipo palepale.

Ndugu zangu wa Rungwe, kwenu hewa ukaa hutoka ardhini yenyewe, na kifaa hiki cha sensa nne hakiisomi. Tafuteni chenye sensa yake.

Fundi akishuka, kifaa kikae kifuani, kisiwe mfukoni. Kikilia, apande hapohapo. Akianguka, usimfuate, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja. Hewa iliyomwangusha yeye itakuangusha na wewe. Anavutwa kwa winchi kutoka huku juu. Ndiyo maana kamba tunaifunga sasa kwenye mkanda wake, kabla mguu haujagusa ngazi.